Mtungi wa Siku Tisa katika Nchi ya Mifereji

Nchi ya Mifereji haimo katika ramani iliyobandikwa ukutani kwenye darasa letu la jioni, na mwalimu wetu nilipomuuliza alisema hajaisikia. Mimi nimekaa huko wiki nane. Ninaandika niliyoyaona nikiwa bado na hasira, na nimeomba kabla ya kushika kalamu ili nisiongeze neno ambalo halikusemwa.

Ni nchi safi. Maji hupita mbele ya kila nyumba, na watu wake wamechimba mifereji tangu enzi za mababu. Kazi hiyo iliwafundisha jambo moja: shamba likikauka, kuna mahali pameziba. Kwa kuwa jambo hilo ni kweli kwa mashamba, waliamua kwamba ni kweli kwa kila kitu. Mtoto akishindwa hesabu, hukaguliwa masikio. Ndoa ikiyumba, fundi hutumwa kuangalia bomba la jikoni. Mtawala wao huitwa Mkaguzi Mkuu. Wakati wangu alikuwa Bwana Lutambi, mtu mwenye sauti ya upole na fimbo ndefu ya kuzibulia. Fimbo ile ilikuwa inang'aa, kwa sababu haikuwahi kuingizwa kwenye tope.

Nilipokewa nyumbani kwa Mama Nyamizi, mwanamke wa miaka sitini na miwili, na mumewe Masele, fundi wa kingo za mifereji. Hawakuwa na watoto. Walikuwa na mazungumzo. Walianza kubishana asubuhi juu ya chumvi na kumaliza jioni juu ya jambo lingine kabisa, wakicheka. Mama Nyamizi alipenda kunitania kwa sababu nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima, na kila penye maandishi nilisimama nikafuata mstari kwa kidole.

"Mama Eliya, hilo ni gunia la mbolea," aliniambia siku moja.

"Najua. Nataka kujua linasemaje."

"Linasema mbolea. Njoo ule, wali unapoa."

Siku yangu ya kumi na moja, tarishi alikuja. Sheria ya nchi ile inasema habari ya msiba itolewe mara moja, kwa sauti, mhusika akiwa wima, kwa sababu serikali haina muda wa kuzungukazunguka. Mama Nyamizi alikuwa uani akipepeta mchele.

"Nyamizi, mke wa Masele," tarishi alisoma. "Ukingo wa mfereji wa saba umemwangukia mumeo. Amekufa. Weka kidole hapa."

Akaweka kidole. Ungo ulikuwa umeshaanguka. Kabla sijamaliza kuokota mchele, waliletwa wanawake wawili wenye mtungi wa udongo na shuka jeupe.

Sasa nieleze desturi yao, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mfiwa husimama juu ya shuka jeupe mbele ya nyumba yake siku tisa, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, mtungi ukiwa kichwani. Kila anayekuja kumpa pole huja na kikombe cha maji, hupanda kwenye kigoda na kukimimina katika mtungi huo. Wanasema kikombe ni huzuni ya mgeni, na mgeni hawezi kurudi nayo nyumbani. Tone likidondoka juu ya shuka, ni aibu ya ukoo. Mfiwa akilia, shuka hulowa, kwa hiyo halii. Na kwa kuwa kila mtu humimina, anayependwa na wengi ndiye anayebeba mzigo mzito zaidi.

Nilikaa kando ya mlango nikawatazama wakija. Walikuja na nyuso zilizokunjamana. Waliondoka wakitembea kwa wepesi, wakiulizana bei ya vitunguu.

Jirani mmoja, Bwana Kitunga, alikuja na vikombe vitatu kwenye sinia.

"Pole sana, shemeji. Hiki changu. Na hiki cha mke wangu, mguu unamsumbua."

"Asante, shemeji," alisema Mama Nyamizi bila kusogeza shingo.

"Na hiki kidogo cha mama mkwe. Alimpenda sana marehemu."

"Alimwita mvivu mpaka wiki iliyopita."

"Ndiyo maana kikombe ni kidogo," alisema Bwana Kitunga, akakimimina.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nilimwona Mama Nyamizi akibadilika rangi. Jasho lilimtoka, na siku hiyo haikuwa na joto. Alisema kifua kinambana kama mtu amekikalia, na maumivu yanapanda hadi taya. Alivuta pumzi fupi fupi. Nilipiga kelele. Ni lazima niwatendee haki: machela ilikuja upesi, maana kifua kinachobana nchini mwao humaanisha mfereji wa moyo umeziba, na kwa jambo hilo wamejiandaa vizuri kuliko sisi. Katika Nyumba ya Ukaguzi walimtoa damu, wakamwekea nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo yake. Karatasi ilitoka na mistari iliyopinda vibaya. Kisha wakapitisha dawa ya rangi katika mishipa ya moyo ili waone ilipoziba.

Haikuwa imeziba popote.

Bwana Lutambi alikuja mwenyewe kutazama. "Safi," alisema kwa furaha ya kweli. "Mifereji yote ya nchi ingekuwa hivi, ningestaafu." Akaandika kwenye hati: Mzima. Arudi wima.

"Lakini siwezi kuvuta pumzi, baba," alisema Mama Nyamizi.

"Unaongea, mama. Anayeongea anapumua."

Pembeni alisimama daktari mwanamke aitwaye Kundaeli. Kazi yake ilikuwa kuchora mioyo: alipitisha chombo kifuani, akasikiliza mwangwi na kuchora umbo la moyo ukiwa unapiga. Katika nchi ile wachoraji wako chini ya wakaguzi.

"Mheshimiwa," alisema, "damu yake inaonyesha msuli wa moyo umeumia. Nipe ruhusa nimalize kuchora."

"Damu ni maji yenye rangi, Kundaeli. Maji hufuata mfereji, na mfereji uko wazi. Mama huyu amefiwa. Ana uchungu, na uchungu si ugonjwa. Uchungu una utaratibu wake, na utaratibu wake ni mtungi."

Wakamrudisha. Naandika sentensi inayofuata nikiwa nimeuma meno. Walimsimamisha juu ya shuka, watu wawili wakimshika viwiko, wakamtwika mtungi tena, na aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akapanda kigoda na kusema, "Pole kwa kuumwa," akaongeza kikombe.

Usiku ule nilipiga magoti lakini sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu kwamba nimekasirika, na kwamba simjui aliyewafundisha watu hawa kwamba Yeye hupenda watu wasimame.

Asubuhi ya siku ya tatu Kundaeli alikuja na kikombe kama mgeni yeyote wa msiba. Kikombe hakikuwa na maji. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Tuliingia jikoni, akaikunjua juu ya meza.

"Nilimaliza kuchora walipokwenda kula," alisema. "Tazama. Huu ni moyo wake."

Nilitazama. Kwenye kitabu chetu cha darasani moyo hufanana na ngumi. Huu ulikuwa na shingo nyembamba juu, na chini ulikuwa umetuna.

"Ni mtungi," nilisema.

"Ni mtungi. Shingo inakaza, lakini hapa chini msuli umepooza, haukamui damu. Mshtuko ukimpata mtu, mwili humwaga ile dawa yake ya kumkimbiza mtu mbele ya simba. Kidogo husaidia. Ikimwagika nyingi kwa mara moja, msuli wa moyo huweza kuduwaa. Huwapata wanawake wa umri wake kuliko wengine. Nimechora kumi na saba. Mmoja aliletwa siku binti yake alipoolewa. Furaha nayo huweza kushtua."

"Atakufa?"

"Wengi hupona, Mama Eliya. Hilo ndilo linaloniuma. Wakilazwa, wakipumzishwa, wakipewa dawa za kuupunguzia moyo kazi, wakiangaliwa mapigo, baada ya wiki chache moyo hurudi umbo lake. Lakini siku hizi za mwanzo ni za hatari. Mapigo yanaweza kuvurugika. Maji yanaweza kujaa kwenye mapafu. Damu inayolala hapa chini inaweza kuganda, na bonge likatoka kwenda kichwani. Kati ya kumi na saba niliowachora, wanne walirudishwa kwenye mtungi siku hiyo hiyo. Wawili walikufa wakiwa wima. Hati zao zinasema Mzima."

Asubuhi ile ile tulikwenda Barazani, kwa wajumbe wanaosimamia sheria za nchi ile, kuomba mama aruhusiwe kulala. Nilimwacha Mama Nyamizi amesimama, midomo yake ikiwa na rangi ya majivu, na Bwana Kitunga akiahidi kuangalia. Baraza lilikuwa linajadili upana wa mageti ya mfereji wa nne. Tulisubiri. Walipomaliza, Kundaeli aliweka mchoro mezani na kueleza kama alivyonieleza.

"Swali ni jepesi," alisema Bwana Lutambi. "Huzuni ina mikono? Nionyeshe vidole vilivyoukamata moyo wa mama huyu, nami nitavikagua."

"Mheshimiwa, hofu nayo haina mikono, na jana ulipoona nyoka kwenye geti jasho lilikutoka."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaangalia kama yeye anacheka. Hakucheka.

Bibi Sikazwe, mjumbe mkongwe kuliko wote, aliinuka kwa kutegemea meza. "Mimi nimebeba mitungi miwili," alisema. "Nimezika waume wawili. Sikudondosha tone. Na niko hapa."

"Na wa tatu?" sauti iliuliza nyuma.

"Wa tatu alikimbia. Hilo halina mtungi." Akanigeukia. "Mgeni, kwenu mfiwa anafanya nini?"

"Anakaa chini, bibi. Au analala kwenye mkeka, na watu wanakaa naye."

"Na anayepika?"

"Wengine. Ingawa nasi tuna makosa yetu. Nimeona wafiwa kwetu wakiulizwa funguo za stoo kabla machozi hayajakauka."

"Basi msitufundishe," alisema, akakaa.

Uamuzi ulitolewa papo hapo. Sheria ya Mtungi imechongwa kwenye jiwe tangu zamani, haiwezi kubadilishwa kwa sababu ya mchoro. Wajumbe wote wakasimama na kuikariri kwa pamoja, kwa sauti tamu, macho yamefungwa: mfiwa atasimama, mfiwa atabeba, mfiwa hatadondosha, siku tisa zitimie.

Tulitoka nje. Kundaeli alikuwa analia kwa hasira, akaficha uso kwa mchoro wake. Mimi sikuwa na la kufanya, na mtu kama mimi akikosa la kufanya husoma. Jiwe la sheria lilikuwa pale pale mlangoni, ukutani juu ya mfereji. Niliweka kidole kwenye neno la kwanza. Wapita njia walitabasamu, maana hakuna aliyelisoma jiwe lile. Kila mtu alifundishwa kulikariri akiwa mdogo, kwa hiyo hakuona haja. Nilifika kwenye "siku tisa zitimie", na kidole changu kikaendelea mbele, kikahisi mchongo chini ya kuvu ya kijani.

"Kundaeli," nilisema, "kuna mstari mwingine."

Nilikwangua kwa ukucha, kisha kwa pini ya kitambaa changu cha kichwa. Nilisoma polepole, herufi kwa herufi, nikiogopa kukosea: Na mwingine akipenda kuubeba, aubebe, naye mfiwa aketi.

Sikungoja kurudi Barazani. Nilikimbia kama ambavyo mwanamke wa umri wangu hakimbii mbele za watu, Kundaeli nyuma yangu. Mama Nyamizi alikuwa bado wima, lakini macho yake hayakuwa yakitazama kitu. Bwana Kitunga alikuwa anampepea kwa sinia. Nilikanyaga shuka jeupe kwa viatu vyenye tope.

"Unafanya nini?" Bwana Kitunga aliuliza.

"Nasoma," nilisema, na nikamwambia mstari ule. Nikapanda kigoda, nikauinua mtungi kutoka kichwani mwake, nikajitwika mwenyewe. Shingo yangu ilishuka ndani ya mabega. Sikujua kwamba huzuni ya watu wengine ina uzito ule. Mama Nyamizi alipepesuka, Kundaeli akamdaka, na Bwana Kitunga, namshukuru, alitupa sinia na kumshika miguu.

"Mama Eliya," Mama Nyamizi alisema kwa sauti ndogo alipokuwa anabebwa, "usije ukadondosha. Majirani wana macho."

Kwa kuwa hati ilisema ni mzima, Nyumba ya Ukaguzi haikuweza kumlaza kama mgonjwa. Kundaeli alimwandikisha kama mgeni wake na kumweka kitanda katika chumba cha kuchorea. Huko alimpa dawa za kuusaidia moyo na za kutoa maji mapafuni, na akamfungia nyaya za kuangalia mapigo. Siku mbili mapigo yalikwenda kombo, naye Kundaeli hakuondoka chumbani. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia ajikaze. Alimuuliza Masele alipenda nini, na Mama Nyamizi akasimulia juu ya chumvi.

Mimi nilisimama siku zilizobaki. Siku yangu ya kwanza chini ya mtungi walikuja wachache, wakashangaa kukuta kichwa kisicho chake, wakamimina. Niliwaambia kila mmoja, bila kusogeza shingo, "Nenda ukakae naye badala yake." Siku ya sita watu wawili walikwenda kweli. Siku ya nane Bwana Kitunga alikuja bila kikombe, akasema mkewe amepeleka uji chumba cha kuchorea, na kwamba mguu wake haukuwa mbaya kiasi kile. Siku ya tisa jua lilipozama waliufunika mtungi kwa kitambaa na kuuacha nyumbani, ungoje kupokelewa na Baraza. Nililala kifudifudi nikiomba, maana shingo haikukubali mkao mwingine.

Wiki ya sita Kundaeli alichora tena. Moyo ulikuwa umerudi kuwa ngumi. Alinionyesha michoro miwili kwa pamoja, na akamweleza Mama Nyamizi kwamba hali hii huweza kurudi, kwamba akibanwa tena kifua asingoje wala asidhani anajua ni nini, akimbilie kupimwa, na kwamba dawa asiziache bila kuambiwa. "Na uwe na mtu wa kuzungumza naye," alisema. "Hiyo nayo ni sehemu ya tiba."

"Ninaye," alisema Mama Nyamizi. "Anasoma magunia."

Ndipo Baraza lilipotuita. Nilibeba mtungi. Njiani tulipita nyumba ambapo mwanamke mmoja, umri wake kama wetu, alikuwa anatandikiwa shuka jeupe. Nilidhani hatachukua muda kuwa huru. Nilidhani tunakwenda kupewa sheria iliyosomwa mpaka mwisho.

Bwana Lutambi alitazama mchoro wa kwanza, kisha wa pili, kwa utulivu mkubwa.

"Mchoro wa pili unaonyesha moyo usio na kasoro," alisema. "Ugonjwa wa kweli hauondoki kwa kulala kitandani na kuzungumza juu ya chumvi. Kwa hiyo Baraza linaona kwamba mchoro wa kwanza ulikosewa. Nyamizi hakuumwa. Kundaeli atarudia mafunzo ya kuchora. Ama ule mstari wa mwisho wa jiwe, umeleta mkanganyiko katika jamii, na unaagizwa urudishiwe kuvu yake."

Nilimtazama Kundaeli. Alikuwa amefumba macho. Nilimfikiria yule mwanamke wa njiani, na kigoda kilichokuwa kinasogezwa karibu yake.

"Mheshimiwa," nilisema, "na wale wawili waliokufa wakiwa wima?"

"Hati zao ziko sawa. Nimezipitia."

"Basi mtungi niuweke wapi?"

"Mpe karani."

Nilimwomba Mungu anisamehe, kisha nikaona kwamba kwa jambo hili sihitaji msamaha. Nikauinamisha. Maji yalitoka yote, ya Bwana Kitunga na ya mkewe na ya mama mkwe na ya watu ambao sikuwajua majina, yakatapakaa juu ya sakafu ya Baraza, yakapita chini ya meza, yakalowesha miguu ya Bibi Sikazwe, ambaye aliiangalia miguu yake kwa muda mrefu na hakuiondoa. Ukumbi ule ulijengwa bila tundu la kutolea maji. Hakuna aliyewahi kumwaga kitu pale. Maji yakasimama.

Bwana Lutambi aliyatazama, paji lake likakunjamana, na nilidhani hatimaye ameona.

"Mwiteni fundi," alisema. "Kuna mahali pameziba."

Hakungoja fundi afike. Alipiga magoti ndani ya maji, yeye na wajumbe, akaanza kuichokonoa sakafu kwa ile fimbo yake inayong'aa. Nyuma yangu Mama Nyamizi alivuta kiti cha karani, akaketi. Akaanza kumlilia Masele kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu ungo uanguke, na Kundaeli akachuchumaa kando yake, vidole kwenye kifundo cha mkono wake, akihesabu mapigo.

"Lia, mama," alisema. "Lia tu. Yanakwenda sawasawa."

Bibi Sikazwe aliinuka, akajikokota kwenye maji hadi pale kilipokuwa kiti cha pili, akaketi karibu yao. Mimi niliweka mtungi mtupu chini, nikatoka kwenda kumtafuta yule mwanamke wa njiani.